Likizo ya familia Dar es Salaam: hesabu huanzia ghalani Mbulu na Hanang

Na Afisa Habari, Manyara

Shule zinapofungwa mwanzoni mwa mwezi Juni, katika kaya nyingi za Wilaya za Mbulu na Hanang hurudi ombi moja la watoto: kuiona bahari. Kwa miaka mingi ombi hilo limekuwa likijibiwa kwa ahadi. Wakazi wengi wa wilaya hizi waliowahi kufika Dar es Salaam walifikishwa huko na dharura au wajibu, kama vile rufaa ya mgonjwa kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, msiba, harusi ya ndugu, au kumpeleka kijana chuoni. Safari za namna hiyo hazipangwi, hivyo gharama yake huwa kubwa na muda wa kutazama mji huwa hakuna.

Safari ya mapumziko ni jambo tofauti, kwa kuwa msafiri ndiye anayechagua siku ya kuondoka. Uchambuzi huu unaangalia kama familia ya kipato cha kawaida, yaani ya mkulima wa Dongobesh, mwalimu wa Katesh au mfanyabiashara mdogo wa Haydom, inaweza kuipanga safari hiyo bila kurudi nyumbani na deni. Jibu ni kwamba inawezekana, lakini kwa sharti ambalo halitajwi mara nyingi: kinachoamua gharama ni kalenda zaidi kuliko bei ya chumba au ya chakula.

Tuanze na barabara na reli, kwa kuwa huko ndiko mabadiliko makubwa yametokea. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilometa 251, ilizinduliwa Aprili 2018. Miaka sita baadaye, tarehe 25 Julai 2024, treni ya reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na tarehe 1 Agosti 2024 Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Dkt. Samia Suluhu Hassan, aliizindua rasmi huduma hiyo. Kwa mkazi wa Mbulu na Hanang miradi hii miwili inasomwa pamoja. Reli haifiki Manyara, lakini barabara ya Babati imeifanya Dodoma kuwa mlango wake. Mkazi wa Katesh ana nafasi zaidi, kwa sababu mji huo uko kwenye barabara ya Babati na Singida, hivyo anaweza kuifikia Dodoma kwa kupita upande wowote kati ya hizo mbili kulingana na basi litakalopatikana.

Je, treni ni nafuu? Hapa inafaa kufanya hesabu badala ya kutegemea sifa. Kwa viwango vya nauli kikomo vilivyotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) na kuanza kutumika Desemba 2023, abiria wa basi la daraja la kawaida kwenye barabara ya lami hulipa shilingi 48.47 kwa kila kilometa, na wa daraja la kati shilingi 67.84. Nauli ya treni ya kawaida ya SGR kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, iliyotangazwa mwaka 2024, ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa kati ya miaka 4 na 12 hulipa nusu, yaani shilingi 15,500, na aliye chini ya miaka 4 halipi.

Tuchukue familia ya baba, mama na watoto watatu wenye umri wa miaka 14, 9 na 3, inayoanzia Babati. Kwa basi la daraja la kawaida hadi Dodoma, kila kiti ni takribani shilingi 12,170. Mtoto wa miaka 3 akipakatwa, viti ni vinne, na jumla haifiki shilingi 49,000. Kwenye treni, watatu hulipa nauli kamili, mmoja nusu, na mdogo bure: shilingi 108,500. Safari nzima ya kwenda ni kama shilingi 157,000, na kwenda na kurudi ni shilingi 314,000 hivi.

Familia hiyohiyo ikipanda basi la daraja la kawaida kutoka Babati hadi Dar es Salaam kupitia Dodoma, umbali wa takribani kilometa 700, na kila anayekalia kiti akalipiwa kiti kizima, itatumia takribani shilingi 272,000 kwenda na kurudi. Ikichagua daraja la kati, itakaribia shilingi 380,000. Kwa maneno mengine, treni si njia ya bei ya chini kabisa. Inazidi basi la kawaida kwa kiasi cha shilingi 42,000 kwa familia nzima, na ni nafuu kuliko basi la daraja la kati kwa zaidi ya shilingi 65,000. Anayemwambia mwananchi kwamba treni ni nafuu kuliko kila kitu hamtendei haki.

Faida ya treni iko kwenye muda na mahali pa kushukia. Kati ya Dodoma na Dar es Salaam hutumia takribani saa nne, na stesheni yake ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji, karibu na bandari. Basi la masafa marefu humshusha abiria katika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, mbali na katikati ya jiji, mara nyingi usiku, watoto wakiwa wamelala na mizigo ikiwa chini. Hapo ndipo akiba ya shilingi 42,000 inapoanza kumong'onyoka, kwa teksi ya usiku, au chumba cha karibu ambacho hakikuwa kwenye mpango. Kwa familia yenye watoto wadogo, treni inastahili gharama yake. Kwa vijana wawili wasio na mizigo, basi bado linatosha.

Yapo mambo mawili madogo ambayo huvuruga hesabu hii. La kwanza, kituo cha mabasi cha Nanenane jijini Dodoma na stesheni ya SGR haviko pamoja, kwa hiyo nauli ya daladala au bajaji lazima iingizwe kwenye bajeti, pamoja na muda wa kutosha kabla ya treni kuondoka. La pili, treni ina ukomo wa mizigo. Desturi yetu ya kutokwenda kwa ndugu mikono mitupu ni njema, lakini gunia la mahindi halina nafasi ndani ya behewa. Lisafirishwe mapema kwa basi kama mzigo, au libadilishwe kuwa kitu chepesi chenye thamani. Kitunguu swaumu cha Mbulu kinafaa sana hapa: kilo chache hubebeka mkononi, na mwenyeji wa Dar es Salaam anajua bei yake sokoni.

(Si kila mtu huitambua haraka, lakini jengo la stesheni ya Dar es Salaam limesanifiwa kwa umbo la jiwe la tanzanite, madini yanayochimbwa Mirerani, Wilaya ya Simanjiro. Mtoto wa Manyara akishuka pale anashukia chini ya alama ya mkoa wake.)

Sasa turudi kwenye kalenda, kwa kuwa ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Likizo ndefu za shule ni mbili, ya Juni hadi mapema Julai, na ya Desemba hadi mwanzoni mwa Januari. Kwa mtumishi mwenye mshahara, tofauti ya vipindi hivyo si kubwa, maana sheria inampa siku 28 za likizo kwa mwaka na mshahara unaingia kila mwezi. Kwa mkulima, vipindi vyote viwili vina kasoro. Mwezi Juni mahindi na maharage ndiyo kwanza yanaingia nyumbani au bado yako shambani, na ngano ya Hanang haijavunwa. Mbaazi, zao ambalo mkoani Manyara huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, huingiza fedha baadaye zaidi. Fedha ya mavuno inapofika mkononi, watoto wamesharudi darasani. Mwezi Desemba hali ni ngumu zaidi, kwani msimu wa kilimo umeanza, mbegu na mbolea zinahitajika, na Januari inakuja na sare, madaftari na viatu. Elimu bila ada imepunguza mzigo wa mzazi, lakini haikuviondoa hivyo vingine.

Ndiyo maana familia nyingi husema safari ya Dar es Salaam haiwezekani, ilhali kwa mwaka mzima fedha inayoitosha safari hiyo ilipita mikononi mwao. Ilipita katika mwezi ambao haikuhitajika kwa safari. Mkulima anayetaka kusafiri Juni anapaswa kuitenga nauli katika mauzo ya mavuno ya mwaka uliotangulia, kati ya Agosti na Oktoba, na kuiweka mahali ambapo hataigusa kirahisi: SACCOS, kikundi cha kuweka na kukopa, au akaunti ya akiba. Kwa mfano wa hapo juu, shilingi 314,000 zikigawanywa kwa miezi tisa, kuanzia Septemba hadi Mei, ni kama shilingi 35,000 kwa mwezi. Kuuza mbuzi wiki moja kabla ya safari pia ni njia, ila anayeuza kwa haraka hupangiwa bei na mnunuzi.

Na akiba hiyo isiwe ile ya dharura. Hanang haihitaji kukumbushwa jambo hili. Maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoanzia Mlima Hanang na kuukumba mji wa Katesh na vijiji jirani, yaliua watu 89 na kuziacha kaya nyingi bila nyumba, mifugo wala biashara. Serikali na wananchi kutoka kila pembe walitoa misaada, lakini siku za mwanzo za janga lolote kaya hutegemea kile kilichobaki mkononi. Familia ambayo likizo yake inamaliza fungu lote haijajipangia mapumziko.

Kati ya Juni na Desemba, mwandishi anaegemea Juni. Wakati huo pwani imo katika kipupwe, joto limepungua na mvua za masika zimekwisha. Desemba mtoto aliyezoea baridi ya Mbulu atakutana na joto linalomkosesha usingizi. Kwa upande wa usafiri, hata hivyo, Desemba ina siri yake. Kabla ya Krismasi msongamano mkubwa ni wa watu wanaotoka Dar es Salaam kwenda mikoani, na mwanzoni mwa Januari ni wa wanaorudi. Familia inayotoka Manyara kwenda Dar es Salaam inasafiri kinyume cha wimbi hilo, na viti hupatikana kwa urahisi zaidi. Tatizo ni kwamba ndugu mwenyeji huenda naye yuko njiani kuja Mbulu kula sikukuu.

Juni ina nyongeza nyingine. Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, Sabasaba, hufanyika kila mwaka kuanzia tarehe 28 Juni hadi 13 Julai katika Viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Kwa tiketi moja mtoto huona mashine, wanyama, bidhaa za nchi mbalimbali na mabanda ya taasisi za Serikali. Tahadhari ni kuchagua siku. Tarehe 7 Julai yenyewe ni sikukuu, viwanja hufurika, na mtoto hupotea kwa dakika moja. Siku ya kazi ya wiki ya kwanza inafaa zaidi. Mtoto aandikiwe namba ya simu ya mzazi kwenye karatasi mfukoni.

Malazi ndiyo sehemu ambayo watu huiwazia sana, na pengine kupita kiasi. Siku nne au tano zinatosha. Wengi wana ndugu jijini, na hakuna hoteli inayoweza kushindana na nyumba ya shangazi, mradi shangazi ameulizwa mapema, siku ya kuondoka imetajwa, na mgeni anachangia chakula bila kusubiri kuombwa. Wasio na ndugu wapo karibu na nafuu ya hosteli za taasisi za dini, kama ile ya Msimbazi, Ilala, ambako chumba ni cha kawaida, safi na tulivu. Nyumba ya wageni ichaguliwe kwa kuangalia iko umbali gani na kituo cha daladala au cha mwendokasi, kabla ya kuangalia bei yake. Chumba cha bei ndogo kilicho pembezoni hudai tofauti hiyo kila asubuhi kwa njia ya nauli.

Kwa viwango vya Desemba 2023, nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilometa 10 ni shilingi 600, na ya mabasi yaendayo haraka katika njia kuu ya Kimara hadi Kivukoni ni shilingi 750. Watu wanne wanaopanda daladala mara nne kwa siku hutumia shilingi 9,600. Kwa siku nne ni karibu shilingi 40,000, kiasi ambacho kwa kawaida hakimo kwenye karatasi ya bajeti kwa sababu kila mara kinaonekana kidogo. Familia ikisafiri ndani ya jiji kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri itaepuka msongamano ambao hata wenyeji wanaulalamikia, na kwa haki.

Kuhusu mahali pa kwenda, jambo la kutia moyo ni kwamba vivutio vinavyowafurahisha watoto zaidi havina gharama kubwa. Kivuko cha Magogoni hadi Kigamboni kinachoendeshwa na TEMESA hutoza shilingi 200 kwa mtu mzima, na kwa mtoto ambaye hajawahi kupanda chombo cha majini, dakika zile chache juu ya maji, meli kubwa zikipita kuingia bandarini, ni safari kamili. Hatua chache kutoka hapo kuna soko la samaki la Feri. Ufukwe wa Coco hauna kiingilio, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili iko palepale. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ina historia ambayo mtoto wa Mbulu ana hisa nayo: fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959, ng'ambo ya Karatu, majirani zetu. Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, kinaonesha nyumba za jadi za makabila mbalimbali, na kwa raia wa Tanzania kiingilio cha makumbusho yetu ni kidogo kuliko cha mgeni. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo vinapendeza, lakini gharama ya boti kwa watu watano hupanda haraka, na mwezi Juni upepo wa kusi huichafua bahari. Vinaweza kusubiri.

Yabaki mambo mawili ya usalama, na haya hayana mjadala. Watoto wa wilaya hizi wanayajua maji ya Ziwa Tlawi na Ziwa Basotu. Bahari ina tabia nyingine: hupwa na kujaa, na mahali ambapo maji yalikuwa ya magotini asubuhi huwa ya kifuani mchana. Mtoto asiingie bila mtu mzima kuwa ndani ya maji pamoja naye, na wenyeji waulizwe saa za maji kujaa.

La pili ni malaria. Manyara ni miongoni mwa mikoa yenye kiwango kidogo cha ugonjwa huo nchini, na nyanda za juu za Mbulu ni baridi kwa mbu anayeueneza. Hiyo ni neema, lakini ina maana kwamba mtoto wa huku hana kinga ambayo mwili huijenga kwa kuishi na ugonjwa, na akiambukizwa pwani anaweza kuzidiwa haraka. Chandarua chenye dawa kibebwe kutoka nyumbani, hakina uzito. Dalili huweza kuanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, yaani familia ikiwa imesharudi. Homa yoyote ndani ya wiki za mwanzo baada ya kurejea ipelekwe zahanati siku hiyohiyo, na mhudumu aambiwe kwamba mtoto alikuwa Dar es Salaam, ili kipimo kifanyike mara moja. Kadi ya bima ya afya nayo iulizwe kabla ya safari kama inatumika nje ya mkoa.

Kwa familia ambayo, baada ya hesabu zote, bado inaona shilingi 314,000 za nauli ni nyingi kwa mwaka huu, ipo nusu ya safari. Barabara ileile ya kwenda Dodoma inapita Kolo, Wilaya ya Kondoa, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kwenda na kurudi ni safari ya siku moja kutoka Babati. Anayeianza hiyo mwaka huu, na kuifungulia akaunti safari ya bahari baada ya mauzo ya mbaazi, atakuwa na nauli kamili Juni ijayo, na muda wa kumwuliza shangazi kama chumba cha watoto kitakuwa wazi.